Mtu wa mwisho kushuka: mwongozo wa kazi ya doria ya mlimani, kutoka Elgon

Kila Desemba, shule zikifungwa na mvua ikikatika, makundi huanza kumiminika Endebess, mji mdogo chini ya Mlima Elgon, upande wa Kenya. Matatu za kukodi kutoka Kisumu, Kakamega na Eldoret, vijana wa kanisa, wafanyakazi wa ofisi moja waliochangishana, wanafunzi wa chuo waliobeba spika kubwa kuliko begi. Wanapita Chorlim, lango la hifadhi, wakiimba. Jioni wanarudi kimya, wengine wameshikwa mkono. Kati ya zile nyimbo na ule ukimya ndipo kazi yetu ilipo, na mwongozo huu ni wa kijana anayetaka kuifanya vizuri.

Nchi zenye theluji kazi hii ina jina na sare. Kwenye vituo vya kuteleza kwa ski, vile vibao virefu vya miguuni, kuna watu wa doria, mara nyingi koti jekundu lenye msalaba mweupe. Kule Marekani chama chao cha kitaifa kilianzishwa mwaka 1938 na Charles Minot Dole, mtu ambaye yeye mwenyewe aliwahi kuvunjika kifundo cha mguu mlimani na kusubiri msaada kwenye baridi. Hao watu huamka kabla ya alfajiri, wakapanda kabla ya wageni, wakakagua theluji, na penye hatari ya maporomoko huilipua kwa baruti ili iporomoke wakati hakuna mtu chini yake. Mchana hukaa wakingoja simu ya aliyeumia, wakamshusha kwa sleji, machela ya kuteleza juu ya theluji. Jioni ndipo hufanya jambo ninalolipenda kuliko yote: hujipanga kwa upana wa mlima na kushuka pamoja wakiita, kona kwa kona, mpaka wahakikishe hakuna aliyebaki juu. Wanaufagia mlima.

Sisi hatuna theluji ya kutelezea. Mkenya wa kwanza kwenda Olimpiki ya majira ya baridi, Philip Boit, ilibidi apelekwe Finland kufanya mazoezi. Mwaka 1998 kule Nagano alimaliza mbio za ski za kilomita 10 akiwa wa mwisho, karibu dakika 20 nyuma ya mshindi. Mshindi huyo, Bjørn Dæhlie wa Norway, alikuwa bado amesimama kwenye mstari akimngoja amkumbatie. Wengi hukumbuka hadithi hiyo kama ya undugu wa michezo. Mimi huikumbuka kwa sababu nyingine: mtu mmoja alijua kwamba mbio hazijaisha hadi wa mwisho afike. Elgon hakuna anayelipwa kufagia mlima jioni kama kazi yake rasmi. Kwa hiyo mtu wa doria ni wewe, hata kama kwenye karatasi umeandikwa mpagazi.

Hatua ya 1: Jiandae mwili, lakini kwa hesabu ya kazi

Usijiandae kama mkimbiaji. Eneo hili limejaa wakimbiaji na bado tunawabeba. Chukua jerikeni ya lita 20, ijaze maji, hizo ni kilo 20, itie kwenye begi la mgongoni na upande nayo kilima kilicho karibu nawe kwa saa mbili. Aliye Kisumu ana Riat. Aliye Nakuru ana ukingo wa Menengai, na siku ya mapumziko anaweza kwenda Longonot, mita 2,776, akazunguka ukingo wote wa kreta. Aliye Kitale hana kisingizio.

Ukifika juu, usiangalie saa. Toa bandeji ufunge kifundo cha mwenzako. Kama mikono inatetemeka, au huwezi kusema sentensi tatu bila kuhema, hujawa tayari. Majeruhi haokolewi na aliyefika wa kwanza, anaokolewa na aliyefika akiwa bado na akili.

Hatua ya 2: Mafunzo na makaratasi

Anza na huduma ya kwanza. Shirika la Msalaba Mwekundu la Kenya na St John Ambulance wote hufundisha, na matawi yapo hadi miji yetu. Soma kozi kamili yenye mazoezi ya mikono. Cheti cha kununua kipo, sote tunajua kinapatikana wapi, na siku ya siku hakitasukuma kifua cha mtu.

Ukitaka kuongoza watalii kwa malipo, unahitaji leseni ya Mamlaka ya Kudhibiti Utalii, na inafaa ufanye mtihani wa chama cha waongozaji safari, KPSGA, ukianzia ngazi ya shaba. Ndani ya hifadhi, wenye kauli ni Shirika la Wanyamapori, KWS. Fahamiana na askari wao kabla hujawahitaji. Na neno moja la pembeni: kwenye kizuizi cha polisi jitambulishe kama mwongozaji au mwelekezi. Lile neno la Kiingereza ambalo sisi hulitamka “gaidi” limewahi kumchelewesha mwenzetu mmoja nusu saa huku akieleza.

Hatua ya 3: Ujue mlima kama shamba lenu

Elgon ni volkano iliyozimika, imekaa mpakani, nusu yake kwetu na nusu Uganda. Kilele kirefu kuliko vyote, Wagagai, mita 4,321, kiko upande wa Uganda. Wageni wanaopitia Chorlim wengi huja kwa ajili ya Koitobos, mita 4,222. Barabara ya magari hupanda msituni, ikapita mianzi, ikaishia kwenye nyasi na lobelia karibu na mita 3,500. Kutoka hapo ni miguu.

Sasa fanya hesabu ambayo wageni hawaifanyi. Kisumu iko mita 1,100 na kitu. Kundi lililoondoka Kisumu usiku na kutaka kusimama juu ya Koitobos mchana huo huo limepanda zaidi ya mita 3,000 kabla ya chakula cha mchana. Kila mita 1,000 joto hushuka kama digrii sita na nusu. Mtu aliyeacha digrii 30 kwake atakuta kama 10 juu, na upepo, na shati limelowa jasho. Ajali nyingi nilizoziona hazikuanzia kwenye jiwe lenye utelezi. Zilianzia kwenye hesabu hiyo.

Nunua daftari dogo. Kwa kila kipande cha njia andika mambo manne: gari linaweza kufika wapi karibu zaidi, simu inashika wapi, maji yako wapi, na ni wapi mtu anaweza kujikinga na mvua. Usikopi kwa mtu, tembea mwenyewe. Karibu na mpaka simu huweza kushika mtandao wa Uganda na kukuletea ujumbe wa kukukaribisha huko, jambo la kuchekesha mpaka unapopiga namba ya dharura na kupokewa na nchi nyingine. Ndiyo maana namba za lango na za askari wa zamu ziandike kamili, kwa kuanza na +254. Na chemchemi za maji moto za Suam ndani ya kaldera, lile shimo kubwa la volkano kileleni, ambazo kila mtu huziuliza, ziko huko huko mpakani. Usimpeleke mtu huko kwa sababu tu amekuomba vizuri.

Msituni kuna tembo na nyati. Mtu wa doria wa theluji hana tatizo hili. Usipite eneo la mianzi bila askari mwenye bunduki, na ukiwa naye, yeye ndiye anayesema simama na twende. Mapangoni nako, Kitum na Makingeny, ambako tembo huingia usiku kuchimba chumvi kwa meno, kuna sheria moja: popo na kinyesi chao haviguswi. Mwaka 1980 na tena 1987 watu waliokuwa wametembelea Kitum waliugua homa ya Marburg na kufa. Mgeni aambiwe hilo kabla ya kuingia, si baada.

Hatua ya 4: Begi

Fupi tu: bandeji pana nne, bandeji za pembetatu mbili, glavu, mkasi, filimbi, tochi ya kichwani na betri za akiba, turubai jepesi la mita mbili kwa tatu, blanketi zito moja, sukari, chumvi za kurudisha maji mwilini, lita moja ya maji ambayo si yako, kamba ya mita 20, daftari na penseli. Penseli, kwa sababu kalamu hugoma kwenye baridi na mvua. Machela ya kukunja iwe kwenye gari. Kukata miti ndani ya hifadhi ni kosa, kwa hiyo wazo la “tutakata vijiti tukifika” lisahau.

Hatua ya 5: Asubuhi, langoni

Hapa ndipo unapookoa watu wengi kuliko mahali pengine popote, na hapa ndipo hakuna anayekupigia makofi.

Kwanza hesabu watu. Usiulize kiongozi wao mko wangapi, maana atakuambia waliolipa. Wapange, wahesabu kwa kidole, uandike. Kisha mwambie mtu mwingine ahesabu pia bila kumtajia jibu lako. Mkitofautiana, rudieni.

Pili angalia miguu. Viatu vya raba vilivyolika, gambuti za kuazima, mtu mmoja daima yuko na viatu vya kanisani. Usimfokee mbele ya wenzake. Mvute kando, umwambie kuna njia nzuri ya mapangoni na atarudi na picha bora kuliko wa kileleni. Na ni kweli.

Tatu uliza maswali mawili kwa kila mmoja, kwa sauti ya chini: una ugonjwa wowote wa kifua, moyo, sukari au kifafa? Umelala wapi jana usiku? Swali la pili hukuambia mengi kuliko la kwanza. Aliyelala kwenye matatu hana akiba. Aliyelala kambini msituni juzi na jana ana nafuu kubwa, kwa sababu mwili umeanza kuzoea hewa nyepesi. Kama kundi linaweza kulala usiku mmoja hifadhini kabla ya kupanda, lishawishi lilale. Hilo pekee litakupunguzia nusu ya kazi.

Nne weka saa ya kugeuka, na uiseme mbele ya wote. Mimi huweka saa sita na nusu mchana. Asubuhi za Elgon huwa safi, kisha mawingu hupanda, na mchana radi huanza kuzungumza. Saa sita na nusu ikifika, popote mtu alipo, hata kama kilele anakigusa kwa macho, anageuka. Utabishiwa. Binti mmoja wa Kisumu aliwahi kuniomba akiwa amebakiza mwinuko wa mwisho.

“Mzee, hata dakika ishirini hazifiki.”

“Ni kweli, mwanangu. Na kurudi?”

Alikasirika mpaka tukafika kwenye magari. Mvua ya mawe ilitukuta tukiwa tumeshafunga milango. Hakuniomba msamaha wala sikuutaka, alininunulia chai Endebess.

Kwa walio upande wa Nakuru, saa ya kugeuka ina maana nyingine. Kwenye korongo la Ol Njorowa, Hell’s Gate, mafuriko ya ghafla yaliua watu mwaka 2012 na tena 2019. Ndani ya korongo kama lile jua linaweza kuwa linawaka huku mvua ikinyesha mbali juu, na maji yakija hayana hodi. Pale usitazame mbingu iliyo juu yako. Tazama iliyo mbali, upande ambako maji hutokea, na ikiwa nyeusi, siku hiyo korongo halipo.

Hatua ya 6: Tembea nyuma

Wapya wote hutaka kuongoza. Mbele pana heshima na picha. Lakini mbele wako wenye nguvu, na wenye nguvu hawana shida na wewe. Mtu wa doria ni wa mwisho. Weka mwenzako mbele mwenye amri ya kutembea polepole, mwendo wa kuweza kuimba wimbo wa ibada, na wewe ukae nyuma ya aliye nyuma kabisa.

Ukiwa huko utaona ambayo wa mbele hawaoni: anayesimama kila hatua kumi akijifanya anapiga picha, aliyeacha kuongea, anayejikwaa kwenye njia tambarare, aliyekataa mandazi. Kukosa hamu ya kula, kuumwa kichwa, kichefuchefu na uchovu usio wa kawaida, juu ya mita 2,500, vihesabu kuwa ugonjwa wa mwinuko mpaka uthibitishwe vinginevyo. Anayeumwa kichwa tu apumzike, anywe maji, asipande zaidi. Ikizidi, anashuka.

Kuna hali mbili zisizongoja mjadala. Ya kwanza ni ubongo kuvimba: mtu anaongea ovyo au anayumba. Mwambie atembee mstari mnyoofu, kisigino kikigusa vidole vya mguu wa nyuma, kama mlevi anavyopimwa. Akishindwa, shuka naye sasa. Ya pili ni maji kwenye mapafu: anahema hata akiwa ameketi, anakohoa, pengine mate yana povu. Huyu naye anashuka sasa, asijichoshe, abebwe ikiwezekana. Dawa zipo na hospitali zipo, lakini tiba ya kwanza ya yote mawili ni kushuka, mita 500 hadi 1,000 chini, hata kama ni usiku. Na hashuki peke yake. Kosa ambalo nimelifanya mara moja na sitalirudia ni kumwambia mgonjwa “wewe tangulia tu, gari liko pale”. Nilimkuta amekaa nyuma ya mwamba, hatua mia moja nje ya njia, akiwa na hakika kabisa kwamba ameshafika kwenye gari.

Hatua ya 7: Mtu akianguka

Simama. Vuta pumzi mbili. Angalia kilichomwangusha yeye kisije kukuangusha wewe, jiwe jingine juu, nyuki, ukingo. Kisha nenda, polepole.

Mwite, mguse bega. Hajibu na hapumui kawaida: anza kusukuma kifua, katikati, kina cha sentimita tano hadi sita, mara 100 hadi 120 kwa dakika, misukumo 30 kisha pumzi mbili. Anajibu: damu kwanza, bonyeza kwa nguvu mahali inapotoka na usichungulie kila sekunde. Kama ameanguka kutoka juu, analalamika shingo au mgongo, au miguu ina ganzi, asisogezwe bila lazima, na mtu mmoja ashike kichwa kisigeuke.

Mguu uliovunjika au kuteguka ndio utakaokutana nao zaidi. Legeza kamba za kiatu lakini usikimbilie kukivua, kiatu kigumu tayari ni gango zuri na ukikivua hakitarudi. Jaza nguo pande zote, funga juu na chini ya pale panapouma, kisha bana kucha ya kidole kama unaifikia, uone damu inarudi. Rangi isiporudi, umekaza mno.

Baada ya hapo adui ni ardhi. Watu humfunika majeruhi juu na kumwacha amelala kwenye nyasi zenye umande, ambazo zinamnyonya joto kwa chini kama sifongo. Weka begi, kamba, majani makavu, kila kitu chini yake kwanza. Mvue nguo zilizolowa, mvishe kavu, kisha blanketi, kisha turubai nje ya yote, umkunje kama yai ndani ya rolex, chapati ile wanayouza upande wa pili wa mpaka, uso pekee ubaki nje. Anayetetemeka bado ana nguvu ya kujipasha: akiwa na fahamu mpe kitu kitamu cha moto. Aliyeacha kutetemeka bila kupata joto, anayesinzia, anayeanza kuvua nguo akisema anaona joto, huyo yuko hatarini sana. Mshike kama yai bichi, usimsugue, usimsimamishe, na kwa hali yoyote usimpe chang’aa ya kupasha mwili. Pombe hupeleka damu kwenye ngozi, na joto lote lililobaki huondoka nayo.

Kuhusu radi niseme kwa kirefu, maana bonde la Ziwa Victoria ni miongoni mwa sehemu zenye radi nyingi zaidi duniani na tunaishi kana kwamba ni habari za wengine. Ukiona mmweko, hesabu sekunde hadi ngurumo. Kila sekunde tatu ni kama kilomita moja. Sekunde zikiwa chini ya 30, ulipaswa kuwa umeshaanza kushuka. Ondokeni ukingoni, mbali na mti wa pekee na mdomo wa pango, tawanyikeni hatua kadhaa kati ya mtu na mtu ili ikipiga isiwachukue wote, fimbo za chuma ziwekwe mbali. Msirudi juu hadi nusu saa ipite tangu ngurumo ya mwisho.

Ikipiga watu kadhaa, geuza desturi: nenda kwanza kwa aliyelala kimya asiyepumua, uwaache wanaopiga kelele. Anayelia anapumua. Aliye kimya moyo wake unaweza kuwa umesimama tu, na ukisukumwa kifua mapema anaweza kurudi. Kwetu wako wengi wanaoogopa kumgusa aliyepigwa na radi, wengine kwa kuamini ana umeme, wengine kwa mambo ya ukoo. Umeme haubaki mwilini. Mguse. Mengine wazee watayashughulikia nyumbani, akiwa hai.

Hatua ya 8: Kuita na kubeba

Kabla ya kupiga simu andika kwanza, kisha usome ulichoandika: tuko wapi, kimetokea nini, walioumia ni wangapi, hali yao ikoje, tunahitaji nini. Ukipiga ukiwa huna maneno utapoteza salio na chaji kwa kusema “haraka, haraka”. Anza na lango na askari, wao ndio walio karibu. Msalaba Mwekundu wako kwenye 1199, polisi 999 au 112. Kama simu haishiki, tuma watu wawili, si mmoja, na uwape ile karatasi mkononi.

Kubeba ni kugumu kuliko inavyoonekana kwenye filamu. Machela moja huhitaji watu sita kwa zamu, na kwa umbali wowote wa maana unataka zamu tatu, yaani watu 18. Kilomita moja kwa saa kwenye njia ile si mwendo wa aibu. Kwa hiyo ukiwa na kundi la watu wanane na gari liko kilomita nne chini, usianze kubeba kwa ushujaa halafu mkwame katikati mmechoka wote. Mtunze pale alipo, mfunike, na uite watu. Wakulima wa Endebess na Kapsokwony wamewabeba majirani zao hadi barabarani tangu kabla ya mtu yeyote kuvaa sare. Ukiwaendea kwa heshima, kupitia mzee wa kijiji, watapanda nawe, na kwenye mteremko wenye matope wanajua kuliko wewe. Hakikisha wamekula na nauli ya kurudi ipo.

Kwenye kushuka, miguu ya mgonjwa hutangulia na kichwa hubaki juu. Mtu mmoja tu ndiye anayetoa amri: inua, twende, badili, chini. Wengine kimya. Watu wa doria ya theluji hushusha sleji mmoja akiwa mbele kati ya mikono ya kuongozea, na penye mteremko mkali mwingine huwa nyuma ameshika kamba ya kuizuia isimkimbie. Ichukue hiyo. Kamba yako ya mita 20 ifungwe nyuma ya machela, izungushwe nyuma ya mgongo wa mtu mzito aliyekaa chini na kukanyaga mwamba, ailegeze kidogo kidogo. Utashangaa wabebaji wanavyotulia wakijua wameshikwa.

Mwenzake mmoja atembee karibu na uso wake muda wote akimwambia kinachofuata. Mtu aliyefungwa kwenye machela akitazama mawingu tu hujiona yuko kwenye jeneza.

Barabarani, gari la hifadhi likikosekana, utapewa boda boda. Kwa mkono uliovunjika, sawa. Kwa mgongo, shingo, kichwa au aliyezimia, hapana, hata dereva akiwa mjomba wako. Kitale ndiyo hospitali ya karibu. Ikihitajika zaidi, ni Eldoret. Mpe daktari ile karatasi, yenye saa: alianguka saa ngapi, ulimfunga saa ngapi, alikunywa nini.

Hatua ya 9: Kuhusu malipo

Malipo ni ya siku, na si makubwa. Hata huko kwenye theluji watu wengi wa doria hufanya kazi msimu tu, wengine kwa kujitolea kabisa, halafu kiangazi wakatafute kibarua kingine. Uwe na shamba, au duka, au pikipiki. Kubalianeni bei asubuhi, kwa maandishi, pamoja na nani atalipia bima na gari la dharura. Amref Flying Doctors wana mpango wa kulipia mwaka kwa usafiri wa ndege wa wagonjwa, uliza kundi kama wanao. Anayekuambia “tutaelewana jioni” mlipishe asubuhi.

Hatua ya 10: Fagia

Kundi likianza kushuka, wewe ubaki juu kidogo. Geuka utazame kileleni. Piga filimbi mara moja, sikiliza. Shuka hadi kona inayofuata, piga tena. Pita kwenye kila kichaka ambako watu hujisaidia, kila mwamba wa picha, kila mahali palipo na kijito. Ukikuta koti au chupa, chukua, ukauliza mwenyewe ni nani, na usiridhike mpaka ajitokeze kwa sura. Kundi jingine ukilikuta njiani, hata kama si lako na hawakukulipa, lihesabu pia na uliulize kama limetimia.

Kwenye magari wahesabu kabla hawajapanda, si baada. Ndani ya matatu yenye giza kila kivuli ni mtu. Langoni andika: waliopanda, walioshuka, saa, nani aliumwa na ulimfanyia nini. Namba mbili za kwanza zisipolingana, hakuna anayeondoka, hata dereva akipiga honi, na jua la Desemba huku huzama saa kumi na mbili na nusu na dakika chache tu.

Zikilingana, waache waende. Kung’uta turubai, rudisha penseli kwenye begi, hesabu bandeji ulizotumia uandike za kununua Kitale. Kamba ioshe kwa maji matupu bila sabuni, uianike kivulini. Jua huila.